Kupima Nguvu Halisi ya Mtambo Mdogo wa Umeme wa Maji Uliotengenezwa Kijijini

Somo kwa wamiliki wa mitambo, mafundi, kamati za maji na wenyeviti wa vijiji



Mkoa wetu wa Njombe umejaliwa milima, mvua na vijito visivyokauka upesi. Mto Ruhuji na vijito vyake huelekea bonde la Kilombero na hatimaye Rufiji. Mto Ruhuhu huelekea Ziwa Nyasa. Si ajabu basi kwamba watu wa hapa walianza mapema kuyageuza maji kuwa umeme. TANESCO ina kituo kidogo cha maji Uwemba. Matembwe na Ikondo zilipata umeme wa maji kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia. Mawengi, wilayani Ludewa, wananchi wenyewe wanaendesha huduma kupitia jumuiya yao ya watumiaji iitwayo LUMAMA. Na mwaka 2021 nchi nzima ilisikia habari za wabunifu wa mkoa huu waliotengeneza mitambo kwa mikono yao, mmojawapo akiwa mzee wa kata ya Lugenge afahamikaye kwa jina la Mzee Pwagu.

Gridi ya Taifa nayo imetufikia kwa nguvu. Makambako ndiko inakoanzia njia ya msongo wa kilovolti 220 iendayo Songea. Hata hivyo vipo vitongoji vilivyo mbali na nguzo, na humo bado fundi wa kijiji huchimba mfereji, hushusha bomba, huunda gurudumu la chuma na kulifunga kwenye jenereta. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini taa ikishawaka, swali moja huwa halijajibiwa bado: mtambo huu unatoa umeme kiasi gani?

Swali hili si la kitaalamu tu. Ni swali la fedha za watu. Mwenye mtambo akisema ana wati 3,000, jirani 50 watachanga fedha za nguzo na waya wakitarajia kila nyumba ipate wati 60. Ikiwa nguvu halisi ni nusu ya hiyo, nusu ya waliochanga watakaa gizani, au wote watapata taa hafifu na redio zinazoungua. Ugomvi wa namna hiyo hauishi kwa mkutano mmoja wa kijiji. Kipimo cha siku moja, kilichoandikwa kwenye daftari na kushuhudiwa na watu, huweza kuuzuia.

Somo hili linaeleza jinsi ya kupima, hatua kwa hatua, kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvipata.

SEHEMU YA KWANZA: MAJI YANA NGUVU KIASI GANI?

Kabla ya kuipima mashine, yapime maji. Hakuna mashine itoayo zaidi ya kile maji yalichokibeba, na kwa hiyo kipimo hiki ndicho mpaka wa madai yote yatakayofuata. Vitu viwili vinahitajika: kimo cha mporomoko na wingi wa maji.

Kimo ni tofauti ya urefu kutoka uso wa maji kwenye tangi la juu hadi kwenye gurudumu linalozungushwa, yaani tabaini. Usitegemee simu kukupa kimo; kwa mporomoko mfupi, kosa la simu huweza kuwa kubwa kuliko kimo chenyewe. Tumia mpira mwembamba unaoonesha maji ndani. Ujaze maji bila mapovu, mtu mmoja ashike ncha ya juu, mwingine ateremke na ncha ya pili. Maji katika ncha zote mbili husimama usawa mmoja daima. Pimeni kwa fimbo yenye alama, teremkeni, pimeni tena, kisha jumlisheni. Njia nyingine ni kufunga geji ya presha chini ya bomba lililojaa maji huku koki imefungwa: kila bar 1 ni sawa na kimo cha mita 10.2 hivi.

Wingi wa maji hupimwa kwa pipa au kwa kielea. Kama maji yote yanaweza kuelekezwa kwenye pipa la lita 200, hesabu sekunde linazochukua kujaa. Rudia mara tano, upate wastani. Kama mfereji ni mpana, chagua sehemu iliyonyooka, pima upana na kina cha maji, kisha tupa kielea na uone kinachukua sekunde ngapi kusafiri mita 10. Kwa kuwa maji ya kando na ya chini huenda polepole kuliko ya juu, zidisha mwendo ulioupata kwa 0.75.

Tuchukue mfano. Mfereji una upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.2. Kielea kinasafiri mita 10 kwa sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Ukizidisha kwa 0.75 unapata mita 0.3. Wingi wa maji ni 0.5 mara 0.2 mara 0.3, sawa na mita za ujazo 0.03, yaani lita 30 kwa sekunde.

Kanuni ya nguvu ya maji ni hii:

Nguvu (wati) = 9.81 × lita kwa sekunde × kimo kwa mita

Kimo kikiwa mita 12, nguvu ya maji ni 9.81 × 30 × 12, sawa na wati 3,531 hivi. Hiyo ni nguvu ya maji, si ya umeme. Sehemu yake hupotea ndani ya bomba kwa msuguano, sehemu nyingine kwenye tabaini, kwenye mkanda na ndani ya jenereta. Mtambo mzuri wa kiwandani huweza kugeuza zaidi ya nusu ya nguvu hiyo kuwa umeme. Mtambo wa kuchomelea kijijini ukifikisha asilimia 40 umejitahidi. Kwa hiyo kwa mfano wetu tutegemee wati 1,400 hivi. Anayedai kwamba kijito hiki kinampa wati 5,000 hana haja ya kupimiwa umeme. Hesabu ya maji imekwisha kumjibu.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI VOLTI PEKE YAKE HAITOSHI

Wengi huchomeka mita kwenye jenereta, wakiona volti 230 au zaidi hufurahi na kusema mtambo uko tayari. Volti ni msukumo tu. Fikiri bomba la maji la nyumbani koki ikiwa imefungwa: presha inaweza kuwa kubwa, lakini hakuna hata tone litokalo. Vivyo hivyo jenereta isiyo na mzigo huonesha volti nyingi bila kutoa nguvu yoyote. Nguvu hupatikana pale tu volti na mkondo vinapokwenda pamoja:

Wati = volti × ampea

Na hapa ipo hatari ambayo kila mwenye mtambo anapaswa kuifahamu. Tabaini isiyo na mzigo hukimbia ovyo. Mwendo wake unaweza kukaribia mara mbili ya mwendo wa kazi. Jenereta ya sumaku za kudumu nayo hupandisha volti kadiri inavyozunguka kwa kasi. Mtambo unaotoa volti 220 wakati taa zote zinawaka unaweza kufikia volti 390 pale taa zote zinapozimwa. Ndiyo maana runinga huungua usiku wa manane, majirani wakiwa wamezima taa na kulala. Wengi hudhani ni radi.

Kutokana na hayo inakuja kanuni ya kwanza ya usalama katika upimaji, ambayo ni vema iandikwe kwenye ukuta wa kibanda cha mtambo:

Kuwasha: mzigo kwanza, maji baadaye. Kuzima: maji kwanza, mzigo baadaye.

SEHEMU YA TATU: VIFAA NA MAANDALIZI

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: mita ya umeme yenye kupima volti na hezi, mita ya kubana waya, ambayo hupima ampea bila kukata waya, hita sita za kuchemshia maji, kila moja ya wati 500, pipa la maji la kuzitumbukiza, swichi moja kwa kila hita, kipimajoto, saa, daftari na kalamu.

Kwa nini hita na si taa za LED? Taa ya LED ina vifaa vya elektroniki ndani yake; hubadili matumizi yake kwa namna isiyofuata volti, na hupotosha mita za bei nafuu. Hita ni waya tu unaopata joto. Volti mara ampea kwa hita hutoa wati za kweli. Mota nazo hazifai kwa kipimo hiki, kwa sababu hiyo hiyo ya kupotosha hesabu.

Kabla ya kuanza, hakikisha yafuatayo. Pipa liwe mahali pakavu, juu ya mbao. Mwili wa jenereta uwe umeunganishwa na nondo ya ardhi. Wapimaji wawe wawili au zaidi, mmoja akisimama kwenye koki ya maji muda wote wala asiondoke. Watoto wakae mbali. Hakuna atakayeingiza mkono wala fimbo ya chuma ndani ya pipa umeme ukiwapo. Na mtambo uwe umetengwa kabisa na nyaya za TANESCO: jenereta iliyounganishwa na mtandao wa taifa bila idhini huweza kurudisha umeme kwenye nguzo ambayo fundi anaamini imezimwa, na kumuua.

SEHEMU YA NNE: KIPIMO CHENYEWE

Washa swichi za hita zote sita. Kisha fungua koki ya maji polepole hadi mwisho. Subiri dakika tano mwendo utulie. Andika volti, ampea na hezi. Zima hita moja, subiri dakika mbili, andika tena. Endelea kupunguza hita moja moja hadi volti ipite 253, kisha simama na ufunge maji. Usiendelee zaidi ya hapo.

Twende na mtambo wa mfano wetu. Daftari lake lingeonesha hivi:

Hita 6: volti 157, ampea 8.9, hezi 38, wati 1,397
Hita 5: volti 174, ampea 8.2, hezi 41, wati 1,427
Hita 4: volti 196, ampea 7.4, hezi 46, wati 1,450
Hita 3: volti 224, ampea 6.3, hezi 52, wati 1,411
Hita 2: volti 261, ampea 4.9, hezi 59, wati 1,279

Daftari hili linafundisha mambo manne.

La kwanza: hita sita zimeandikwa wati 500 kila moja, jumla wati 3,000, na zote zinapata moto. Mtu aliyehesabu kwa kusoma maandishi ya hita angetangaza kwamba ana wati 3,000. Mita inasema 1,397. Maandishi ya hita ni ahadi iliyowekwa kwa volti 230. Volti ikishuka hadi 157, hita hiyo haitumii hata nusu ya kilichoandikwa. Hapa ndipo makosa mengi ya mitambo ya kijijini yanapozaliwa, na mara nyingi bila nia mbaya ya mtu yeyote.

La pili: nguvu ina kilele. Kutoka hita mbili hadi nne nguvu inapanda. Zaidi ya hapo inaanza kushuka ingawa mzigo umeongezwa. Kuongeza nyumba baada ya kilele hakuleti umeme zaidi. Kunagawa ule ule, kwa volti mbovu zaidi.

La tatu: kilele si lazima kiwe mahali pa kufanyia kazi. Wati 1,450 zinapatikana kwa volti 196 na hezi 46, hali isiyofaa kwa jokofu wala mota. Vifaa vingi tunavyonunua vimetengenezwa kwa volti 230 na hezi 50. Tukikubali tofauti ya asilimia 10 juu au chini, volti inapaswa kuwa kati ya 207 na 253. Katika jedwali letu, mstari mmoja tu unafaa: hita tatu, volti 224, hezi 52. Nguvu ya kutangaza kwa wananchi ni wati 1,400, basi.

La nne: tazama umbali kati ya hita tatu na hita mbili. Kuzima hita moja tu kumerusha volti kutoka 224 hadi 261. Maana yake mtambo huu hauwezi kuachwa peke yake ukilisha nyumba za watu wanaowasha na kuzima wapendavyo. Unahitaji kidhibiti mzigo, yaani kifaa cha elektroniki kinachopeleka umeme usiotumika kwenye hita za akiba, ili jenereta ione mzigo ule ule usiku na mchana. Maji ya moto yatokanayo na hita hizo si hasara. Yanaweza kutumika zahanati au nyumbani kwa mwenye mtambo. Asiye na kidhibiti asiuze umeme.

Wanaotumia mota ya kawaida pamoja na kapasita badala ya jenereta wazingatie tofauti moja: mashine ya aina hiyo ikizidiwa mzigo haishuki taratibu, bali hupoteza umeme wote kwa ghafla. Wao waanze na hita chache, koki ikiwa imefunguliwa kidogo tu, huku wakiangalia volti isipite 253.

SEHEMU YA TANO: NJIA YA MAJI MOTO KWA ASIYE NA MITA YA AMPEA

Mita ya kubana waya ikikosekana, maji yenyewe yanaweza kuwa mita. Kupasha lita moja ya maji joto kwa nyuzi 1 za Selsiasi huhitaji nishati ya jouli 4,186 hivi. Hivyo:

Wati = 4,186 × lita × nyuzi zilizoongezeka ÷ sekunde

Weka lita 20 kamili kwenye ndoo ya plastiki ngumu yenye kifuniko, uzungushie blanketi. Pima joto la maji. Tumbukiza hita zile zile tatu, washa mtambo, anza kuhesabu muda. Baada ya dakika 20, yaani sekunde 1,200, funga maji, zima swichi, koroga kwa mti mkavu, pima joto tena. Tuseme joto limepanda kutoka nyuzi 18 hadi 38, ongezeko la nyuzi 20. Hesabu ni 4,186 × 20 × 20 ÷ 1,200, sawa na wati 1,395 hivi.

Jibu hili liko karibu sana na lile la mita. Kwa kuwa joto kidogo hupotelea hewani, kipimo cha maji huelekea kutoa jibu dogo kidogo kuliko ukweli. Hilo ni jambo jema: ni salama zaidi kuahidi pungufu. Njia hii pia ni ushahidi mzuri mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sababu kila mtu anaifahamu ndoo, saa na maji ya moto. Mtu asiyejua ampea ni nini anaweza kushuhudia mwenyewe na kuridhika.

SEHEMU YA SITA: KUTOKA WATI HADI IDADI YA NYUMBA

Wati 1,400 zilizopimwa kibandani si wati zitakazofika majumbani. Waya hula. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 7.4 hivi kwa kila kilomita. Nyumba zikiwa umbali wa mita 300, umeme husafiri mita 600, kwenda na kurudi, na ukinzani ni omu 4.4. Ampea 6 zikipita humo, volti 27 hivi hupotea njiani pamoja na wati 160 hivi. Volti 224 za kibandani zinakuwa 197 kwa nyumba ya mwisho. Kwa hiyo pima pia volti kwenye nyumba iliyo mbali kuliko zote, wakati mzigo wote umewashwa. Ikiwa chini ya 207, waya mnene zaidi unahitajika, au nyumba zisogee karibu na mtambo kwa mpangilio mwingine.

Tukitoa hasara ya waya, na tukiacha akiba kwa ajili ya uchakavu na siku za maji machache, ni busara kugawa wati 1,000. Kwa wati 60 kila nyumba, kiasi kinachotosha taa nne za LED, redio na kuchaji simu, hizo ni nyumba 16. Linganisha na zile 50 zilizotajwa mwanzo. Tofauti ni nyumba 34. Hao ndio watu ambao kipimo kinawalinda.

SEHEMU YA SABA: PIMA LINI?

Njombe hupata mvua kuanzia Novemba hadi karibu Mei. Kipimo cha mwezi Machi, vijito vikiwa vimejaa, kitamfurahisha kila mtu na kumdanganya kila mtu. Pima Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kabla ya mvua, maji yanapokuwa machache kuliko wakati wowote wa mwaka. Nguvu ya mwezi huo ndiyo ya kuahidi; ya miezi mingine ni nyongeza. Kila kipimo kiandikwe tarehe, kimo, wingi wa maji, volti, ampea, hezi na majina ya walioshuhudia.

Rudia kipimo kila mwaka mwezi ule ule. Nguvu ikishuka huku maji ni yale yale, tatizo liko kwenye mtambo. Kagua kwanza chujio la kuingilia maji kama limezibwa na majani. Kagua mkanda kama unateleza. Mkanda unaoteleza hupata joto na kutoa vumbi jeusi. Tazama geji ya presha: ikiwa koki imefunguliwa na presha inashuka zaidi ya theluthi moja, bomba ni jembamba mno au lina hewa ndani. Sikiliza beringi.

SEHEMU YA NANE: SHERIA NA MSAADA

Maji ya kijito si mali ya mwenye shamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, kitolewacho na bodi ya maji ya bonde husika: Bonde la Rufiji kwa vijito vinavyoelekea Ruhuji na Ruaha Mkuu, na Bonde la Ziwa Nyasa kwa vile vinavyoelekea Ruhuhu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito. Ujenzi wa kibanda na mfereji uanze kwa kuonana na afisa mazingira. Kwa upande wa umeme, mitambo isiyofikia megawati 1 hailazimiki kuwa na leseni ya uzalishaji ya EWURA, lakini hilo halimwondolei mtu wajibu wa kujisajili na kufuata masharti ya usalama. Kufunga nyaya majumbani ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Anayehitaji ushauri aanze ofisi ya mtendaji wa kata, ambako ataelekezwa kwa wataalamu wa Halmashauri. Vyuo vya VETA na ofisi ya SIDO ni mahali pengine pa kuuliza kuhusu upimaji na uboreshaji wa mitambo.

ZOEZI

Fundi mmoja ana kijito chenye lita 18 kwa sekunde na kimo cha mita 9. Anawaambia majirani kwamba mtambo wake unatoa wati 2,000 na kila nyumba itapata wati 60. Je, dai lake linawezekana? Ni nyumba ngapi zingeweza kuungwa kwa uaminifu?

Jibu: Nguvu ya maji ni 9.81 × 18 × 9, sawa na wati 1,589 hivi. Dai la wati 2,000 haliwezekani, kwa kuwa linazidi nguvu ya maji yenyewe. Kwa ufanisi wa asilimia 40 tutegemee wati 636 hivi. Tukiacha akiba na hasara ya waya kwa uwiano ule ule wa mfano wetu, yaani 1,000 kwa kila 1,400, zinabaki wati 454, zinazotosha nyumba 7. Lakini hilo nalo ni makadirio tu: lithibitishwe kwa hita na daftari, mwezi Oktoba, mbele ya majirani wenyewe, kabla mchango wa kwanza haujapokelewa.